Kruzi na dashibodi zinazofungwa mitaani ziwekewe utaratibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie magari yetu yaliyotumika, hasa zile Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo wenye nazo sasa wanaziongezea vitu viwili ambavyo nyingi hazikutoka navyo kiwandani, yaani kruzi kontroli (kifaa kinachoshikilia mwendo wa gari bila dereva kukanyaga mafuta) na dashibodi ya kidijitali. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Morogoro na kazi hizo ninazifanya, kwa hiyo siandiki kuzipinga. Ninaandika kwa sababu zinafanyika bila utaratibu wowote, na waya mmoja uliofungwa visivyo katika kazi hizi unaweza kugharimu zaidi ya fyuzi.

Wapo wanaosema kruzi ni anasa kwa gari kuukuu. Sikubaliani nao. Dereva anayetoka hapa kwenda Dodoma hupita Dakawa, Dumila, Gairo na Kibaigwa, na karibu kila penye makazi hukuta kibao cha 50 na mara nyingi askari mwenye tochi ya kupima mwendo mbele yake. Mguu uliochoka haushiki mwendo mmoja. Dereva huanza na 48, akaja kushtuka yuko 60, na kila anapoinamisha macho kuangalia mshale anakuwa ameyaondoa kwa watoto wanaovuka barabara. Kruzi nyingi hukubali kushika kuanzia kilomita 40 hivi kwa saa, kwa hiyo mwendo wa 50 zinaumudu, na macho ya dereva yakabaki mbele yanakotakiwa kuwa. Abiria pia hunufaika. Ralph Teetor, mhandisi wa Kimarekani aliyepata hataza ya kifaa hiki mwaka 1950 na ambaye kazi yake Chrysler iliiweka kwenye magari yake ya mwaka 1958, alikuwa kipofu tangu utotoni, na inaelezwa kwamba kilichomsukuma ni kero ya kuendeshwa na mtu aliyekuwa akikanyaga na kuachia mafuta safari nzima.

Ugumu wa kazi unategemea gari lenyewe. Kwenye gari ambalo akseleta yake ni ya umeme, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo inayofungua throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, na katika baadhi ya matoleo programu ya kruzi imo humo tayari, ikisubiri tu swichi yake kwenye usukani na nyaya chache. Hapo tahadhari kubwa ni mfuko wa hewa uliomo ndani ya usukani: betri ichomolewe na fundi asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu, kama Toyota wenyewe wanavyoelekeza. Gari la kebo, yaani ambalo pedali ya mafuta huvuta throto kwa waya wa chuma, ni shughuli nyingine kabisa, kwa sababu hapo tunafunga mota, au kifaa kinachovutwa na upepo wa injini, kiwe kinaivuta kebo ya akseleta badala ya mguu wa dereva. Tukishafanya hivyo, gari linakuwa na mguu wa pili ambao hauoni barabara, na usalama wote unabaki kwenye namna mguu huo unavyoachia.

Unaachia kwa njia ya swichi ya breki. Swichi inayofaa ina jozi mbili za kontakti: jozi moja huwasha taa za nyuma, na nyingine hukata umeme unaokwenda kwenye sumaku iliyoshika kebo, ili hata kama akili ya kifaa imeharibika, dereva akigusa breki kebo iachiwe. Gari la gia za mkono linahitaji pia swichi kwenye pedali ya klachi, kwani bila hiyo dereva anayekanyaga klachi akiwa kwenye mwendo atasikia injini inapiga kelele huku kifaa kikiendelea kuvuta mafuta.

Niliwahi kuletewa gari lililofungwa kruzi katika gereji nyingine. Mwenye gari alikuwa amebadilisha balbu zote za breki akaweka za LED, na kifaa alichonunua ni cha aina inayotafuta negativu kupitia nyuzi za balbu za kawaida. Isipoipata hukataa kushika. Watengenezaji walikusudia hivyo, ili gari lisilo na taa za breki lisitumie kruzi. Fundi aliyeifunga, baada ya kuona haishiki, aliukata ule waya wa breki, akaukaza kwa skrubu kwenye bodi nyuma ya boksi la fyuzi, kisha akazungushia utepe mweusi pakapendeza. Kruzi ikashika vizuri sana. Dereva alipokanyaga breki haikuachia, na gari likawa linavutwa mbele na injini huku likizuiwa na breki, mpaka alipozima swichi kwa mkono. Rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) moja ndogo, au kurudisha balbu ya kawaida mahali pake, kungetosha kuondoa tatizo lile bila kugusa njia ya usalama.

Kwenye dashibodi, wengi hudhani ni suala la mwanga na rangi. Dashibodi ya zamani ina kazi ambazo hazionekani. Katika magari mengi ya umri huo, umeme mdogo unaoamsha alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, hupitia kwenye balbu ya taa ya chaji. Fundi akiitoa dashibodi akaweka skrini bila kufidia njia hiyo, alteneta huenda isichaji, na gari likamzimikia mtu usiku katikati ya Mbuga ya Mikumi. Taa ya presha ya oili, ya joto la injini na ya mafuta ya breki nazo lazima zihamishwe na zijaribiwe moja moja kabla gari halijatoka gereji.

Halafu upo mwendo wenyewe. Sensa ya spidi ya Toyota nyingi za kipindi hicho hutoa mapigo manne kwa kila mzunguko, na mizunguko 637 kwa kilomita, yaani mapigo 2,548 kwa kila kilomita moja. Skrini iliyopangiwa hesabu nyingine itamwonyesha dereva 50 wakati anakwenda 60, na kruzi iliyopangwa vibaya itakuwa inashikilia kosa hilo hilo bila kuchoka. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vipima mwendo inakataza kipimo kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi; kuzidisha kidogo kunaruhusiwa, kupunguza hapana. Kwangu hakuna gari linalotoka kabla halijalinganishwa na GPS kwenye 50 na kwenye 80.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni namba ya kilomita ambazo gari limetembea. Katika dashibodi nyingi za kielektroniki namba hiyo hukaa ndani ya chipu ndogo ya kumbukumbu, na mashine ile ile inayomwezesha fundi mwaminifu kuhamisha kilomita 214,000 kutoka dashibodi ya zamani kwenda mpya humwezesha mwingine kuandika 89,000. Mnunuzi hadanganywi bei peke yake. Mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu za injini, kwa injini nyingi za Toyota za wakati ule hubadilishwa kila kilomita 100,000, na mtu aliyeonyeshwa 89,000 ataamini bado ana nafasi, mpaka mkanda ukatike njiani, na kwa baadhi ya injini kukatika huko ni valvu kugonga pistoni.

Wenzetu wamelifanyia kazi. Nchini Japani, cheti cha ukaguzi wa gari huandikwa kilomita zilizosomwa. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho inasema kipima kilomita kikitengenezwa au kubadilishwa na ikashindikana kurudishia namba ile ile, kisomwe sifuri, na ibandikwe taarifa ya maandishi kwenye fremu ya mlango wa kushoto ikitaja kilomita za awali na tarehe ya kazi. Kibandiko hicho hakihitaji bajeti ya serikali. Ninaiomba mamlaka husika itutake mafundi kufanya hivyo, na kumpa mwenye gari hati yenye muhuri wa gereji, kilomita za dashibodi iliyotoka na za iliyoingia.

Kwa upande wa kruzi, ombi langu naliweka mbele ya Kikosi cha Usalama Barabarani. Wakaguzi wanapopima breki, taa na matairi, waulize pia kama gari limefungwa kruzi baadaye, na kama limefungwa, wakaijaribu barabarani: ishike, breki iguswe kidogo, ionekane kama imeachia; kisha klachi ikanyagwe, ionekane tena. Jaribio hilo ni la dakika chache. VETA nao, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanaofundisha umeme wa magari, wangeweza kuliingiza katika mafunzo ya vitendo, kwa sababu vijana wengi wanaofunga vifaa hivi wameongozwa na video tu, na hakuna aliyewaambia kwa nini waya wa breki upo.

Utaratibu huo ukiwa bado haujaja, mwenye gari asilipe pesa ya mwisho kabla ya kulipeleka gari mwenyewe kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na watu, akawasha kruzi na kugusa breki, na kabla ya kuonyeshwa dashibodi yake ya zamani ikiwa na namba yake.

Fundi umeme wa magari,
Msamvu, Morogoro.