Mzuie fundi kwanza

Sahibu yangu Haji,

Assalaam alaykum. Huku Chake, Pemba, sote wazima, na mama anamuulizia sana Bi Mkubwa. Habari ya choo chako cha ghorofani kinachocheza nimeipata, na hilo la fundi kutaka kukizungushia saruji limeninyima usingizi. Tafadhali mzuie.

Choo kile hakina ubovu, ubovu uko chini yake. Kimekaa juu ya flenji, ile pete pana iliyoungwa kwenye mdomo wa bomba la inchi nne, nayo ndiyo inayozishika bolti mbili za pembeni. Baina ya choo na flenji pana pete ya nta inayozuia maji na harufu. Flenji ikikatika, bolti hazina pa kushika, choo kinacheza, na nta inaachia. Nta si mpira, ikishaachia hairudi. Saruji itakituliza choo, lakini maji yataendelea kupenya usiyaone.

Na yatakwenda wapi? Chini yako hakuna zege la nondo, Haji. Pana mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Boriti kavu hudumu vizazi, lakini zikikaa na unyevu zinaoza, hasa zile ncha zilizoingia ukutani ambako jicho halifiki. Nyumba hiyo imetulea sote, sitaki nisikie sakafu yake imeshuka kwa sababu ya pete ya chuma. Basi kabla ya lolote shuka chumba cha chini, tazama dari usawa wa choo kama pana doa au chokaa inayomenyeka, kisha zichome boriti kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, acha habari ya choo, tafuta fundi anayezijua nyumba za zamani, na mwende Mamlaka ya Mji Mkongwe mkaombe ruhusa ya matengenezo.

Zikiwa ngumu, alhamdulillahi, kazi iliyobaki ni ndogo. Funga maji, kausha tangi na maji ya ndani ya choo, mkiinue watu wawili. Bomba lizibwe kwa tambara kubwa lisilozama, hewa ya shimo isijae nyumbani. Nta ya zamani ikwanguliwe yote. Kama flenji imeliwa na kutu upande mmoja tu, msiing'oe: yapo mapete ya kutengenezea, ya chuma kisichoshika kutu, yanalazwa juu yake na kufungwa kwa skrubu sakafuni. Chokaa ni laini, kwa hiyo mwambie fundi atoboe taratibu bila kuigonga, na atumie skrubu ndefu.

Halafu zile tailizi mlizoongeza. Flenji inatakiwa ikae juu ya sakafu, na nahisi yenu sasa imebaki chini, ndiyo maana nta haikufika vizuri. Nunua pete nene zaidi, nta mpya, usirudishe ile ya zamani hata ikionekana nzima. Nati zikazwe kidogo kidogo, huku na huku, maana udongo wa choo ukikazwa sana unapasuka. Gundi ya silikoni zungusha kwenye kitako cha choo mbele na pembeni, nyuma acha wazi, ili maji yakivuja tena uyaone mapema.

Nipigie picha hizo boriti leo, kabla fundi hajarudi. Ukiniita nitapanda boti Mkoani nije tukiinue pamoja.

Wako,
Khamis