Mkono wa Old Hoss

Bloomington, Illinois
Jumapili usiku

Mwalimu wangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye basi natoka kazini. Hongera kwa vijana wako wa besiboli kuingia nusu fainali! Yule mrushaji wako wa kidato cha tatu, kwa jinsi ulivyomsimulia, ni kama namwona: mrefu, mkimya, akiachia mpira glavu ya mdakaji inalia pa! Lakini swali lako la mwisho limeninyima usingizi. Umeuliza kama ni sawa arushe Ijumaa, arushe Jumamosi, na mkifika fainali arushe tena Jumapili, maana wakubwa wa shule wanataka kombe na wewe huna mwingine wa kumsimamisha pale. Ukasema, wewe uko huko kwa wenyewe, tuulizie.

Basi nimekuulizia, na wa kumuuliza nimempata makaburini.

Hapa mjini kuna makaburi yanaitwa Evergreen. Ni mahali pa miti mikubwa, pametulia, na wapo humo watu wazito, akiwemo Adlai Stevenson aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi aliponisikia nazungumzia besiboli akaniambia kuna mtu nikamtazame. Nilikwenda jana asubuhi, nyasi bado zina umande. Kaburi ni la Charles Radbourn. Jiwe lenyewe ni la kawaida, lakini nyuma yake wapenzi wa mchezo walibandika bamba linaloeleza habari zake, miaka mingi baada ya yeye kufa. Nikasimama pale nikasoma, halafu nikarudi nyumbani nikasoma zaidi mpaka usiku. Sasa nakueleza.

Alizaliwa Rochester, New York, Desemba 1854, akaletwa Bloomington angali mtoto. Baba yake alikuwa Mwingereza muuza nyama, na kijana akakulia kwenye kazi ya bucha. Mwaka 1880 timu ya Buffalo ikamchukua, lakini bega lilimgomea hata kabla hajarusha mechi moja. Akacheza sita tu, tena kama mlinzi, yaani mdaka mipira uwanjani, akarudi nyumbani. Liweke akilini hilo, Mwalimu. Bega lake lilishasema mapema.

Mwaka uliofuata alikwenda Providence, mji mdogo wa Rhode Island, kwenye timu iliyoitwa Grays. Enzi zile timu nzima ilikuwa na warushaji wawili, basi. Siku ambayo si zamu yako ya kurusha unapelekwa kulinda pembeni. Agosti 1882 walicheza na Detroit mpaka zamu ya 18, yaani timu zinapokezana kupiga kwa mara ya 18, hakuna aliyepata hata pointi moja. Mrushaji siku hiyo alikuwa mwenzake, John Montgomery Ward. Radbourn alikuwa amewekwa upande wa kulia, na ndiye aliyeupiga mpira ukaenda zake, akazunguka vituo vyote, mechi ikaisha 1 kwa 0. Mwaka 1883 yeye akashinda mechi 48. Wakamwita Old Hoss, yaani farasi mkongwe, kwa sababu ukimfunga jembe analima.

Na ujue alivyokuwa akirusha. Kisanduku cha mrushaji kilikuwa futi 50 tu kutoka kwa mpigaji. Umbali mnaocheza nyinyi sasa, futi 60 na inchi 6, umekuja mwaka 1893. Mwaka 1884 ndipo ligi yao iliporuhusu mkono kupita juu ya bega. Vijana wengi wakaanza kurusha kwa juu kwa nguvu zote, lakini yeye akabaki zaidi na mkono wa chini na wa ubavuni, akichanganya mipira ya kupinda na ya polepole hadi mpigaji anapiga hewa. Walinzi wengi walicheza mikono mitupu. Mdakaji wake, Barney Gilligan, alikuwa mtu mwembamba, na nikifikiria vidole vyake naumia mimi.

Sasa sikiliza mwaka 1884, maana jibu lako liko humo.

Mrushaji wa pili alikuwa Charlie Sweeney, kijana, mwenye kasi kuliko Radbourn. Mwezi Juni aliwatoa wapigaji 19 wa Boston katika mechi moja kwa kuwakosesha mara tatu tatu. Mji ukamwimba yeye. Radbourn alikuwa mtu wa kinyongo, tena anakunywa, na bega lilikuwa limeanza kumsumbua. Katikati ya Julai timu ikamsimamisha, wakimshuku kwamba ameharibu mechi kwa makusudi kwa hasira. Haikupita wiki, Sweeney naye akaja uwanjani amelewa. Wanaongoza, kocha Frank Bancroft akamwambia aende pembeni, amwachie mwingine amalizie. Sweeney akakataa, akatoka zake moja kwa moja. Sheria haikuruhusu kumwingiza mtu mwingine hivi hivi, kwa hiyo Grays wakabaki wanane na mechi ikawaponyoka. Sweeney akafukuzwa. Timu sasa haina mrushaji, na wenye mali wanazungumza kuivunja.

Bancroft akamwendea Radbourn. Na hapa ndipo ninapomheshimu mtu huyu kuliko kwenye namba zake zote. Hakuomba sifa, aliomba karatasi. Wakati ule mikataba ilikuwa na kifungu cha kumshikilia mchezaji: msimu ukiisha bado wewe ni wa timu ile ile, huwezi kwenda kwingine mpaka wao watake. Radbourn akasema, nitarusha mechi zote zilizobaki, lakini mniongezee mshahara, na msimu ukiisha mniachie huru. Wakakubali.

Akaanza. Leo yeye, kesho yeye, keshokutwa yeye. Alishinda mechi 18 mfululizo. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa ameanza mechi 73 na kuzimaliza zote 73 mwenyewe. Zamu alizorusha ni 678 na ushei. Mwalimu, mrushaji wa kulipwa wa siku hizi akifikisha zamu 200 kwa mwaka wanasema ana mkono wa chuma. Wapigaji aliowatoa kwa kuwakosesha ni 441. Mechi alizoshinda, vitabu vingine vinasema 59, vingine 60, kwa sababu kuna siku moja aliingia katikati wakati timu imeshaongoza, na mpaka leo watu hawajaafikiana ushindi ule ni wake au wa mwenzake. Grays wakachukua ubingwa kwa kushinda 84 na kupoteza 28. Oktoba wakaenda New York kucheza na Metropolitans, mabingwa wa ligi nyingine, mechi tatu siku tatu mfululizo. Karusha zote tatu. Kashinda zote tatu.

Ukiishia hapo utamwambia mtoto wako: unaona, inawezekana. Usiishie hapo.

Bancroft alisimulia baadaye jinsi asubuhi zilivyokuwa. Mkono ulikuwa mgumu na unauma kiasi kwamba Radbourn hakuweza kuuinua hata kuchana nywele zake. Mwanamume wa miaka 29! Alikuwa akitangulia uwanjani kabla ya wenzake, anaanza kuutupa mpira hatua chache tu, mtupo wa mtu mgonjwa. Anaumia, anarudi nyuma kidogo, anatupa tena. Anarudi nyuma tena. Hivyo hivyo, mpaka anafika mbali kule kwenye nyasi za walinzi, na siku akiweza kuufikisha mpira nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, kutoka kule, wenzake wanajua leo tunashinda. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 140 na ushei.

Nimeisoma habari hiyo nikashika bega langu. Unajua mimi ghalani nabeba maboksi, na mwezi wa kwanza msimamizi alinipa zamu mbili mbili kwa wiki tatu kwa kuwa watu walikuwa pungufu. Nilikubali kwa ajili ya ada ya wadogo zangu. Kuna asubuhi nilivaa shati kwa kuliegemeza mlangoni, nikaingiza mkono wa kulia kwanza kama mtoto anayevalishwa. Kwa hiyo namwelewa Radbourn. Kinachonikera ni watu wanaomsifu kana kwamba maumivu yale ndiyo ushujaa wenyewe. Alikuwa anauza kiungo chake, na bei aliipanga yeye, akijua anachouza.

Msimu ulipoisha walimletea karatasi yake ya uhuru, naye akachagua kubaki Providence. Mwaka uliofuata alishinda 28, timu ikaanguka ikavunjwa, yeye akaenda Boston. Hakuwahi tena kufikisha ushindi 30 kwa msimu mmoja. Mwaka 1888 alishinda mechi 7 tu. Mwaka 1890 wachezaji walianzisha ligi yao wenyewe ili kukikwepa kile kifungu, kiongozi wao akiwa yule yule Ward, na Radbourn akaenda nao. Ligi ile ilidumu msimu mmoja. Akamalizia Cincinnati mwaka 1891, jumla ana ushindi zaidi ya 300, akarudi hapa Bloomington kufungua baa yenye meza za biliadi. Mwaka 1894 wakiwa mawindoni bunduki ya rafiki yake ilifyatuka bahati mbaya ikampiga usoni. Jicho moja likaenda, na uso ukaharibika. Tangu hapo alikuwa akijificha chumba cha nyuma cha baa yake ili wateja wasimwone. Februari 1897 akafariki, ana miaka 42. Mwaka 1939 wakaliweka jina lake kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown.

Nisikufiche jambo lingine, kwa kuwa sisi ni watu weusi na ni lazima tuliulize. Mwaka ule ule wa 1884, katika ligi ya pili kubwa, alikuwepo mdakaji mweusi, Moses Fleetwood Walker wa Toledo. Alicheza mechi 42. Mwaka 1887 alikuwa Newark pamoja na mrushaji mweusi, George Stovey, mkono hatari sana, na timu ya Chicago ikagoma kucheza kama hao wawili wataingia. Baada ya hapo mlango ukafungwa, na kwenye ligi kubwa haukufunguliwa mpaka alipoingia mchezaji mweusi Jackie Robinson mwaka 1947. Namba za Radbourn tunazo zote mpaka ya mwisho, na sijui ya Stovey ingefika wapi kama wangemwachia arushe. Vijana wako wasimulie na hilo.

Sasa mtoto wako. Nimesoma mwongozo wa wakuu wa mchezo hapa Marekani kwa vijana, nakupa kama ulivyo. Kijana wa miaka 15 au 16 asizidi mirusho 95 kwa siku. Wanahesabu mirusho, siyo mechi wala zamu. Akizidi 75, anapumzika siku nne kamili. Akiishia chini ya 30, anaweza kurusha kesho yake. Kwa hiyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, hapana, ndugu yangu. Nakuomba. Akirusha nusu fainali kamili, fainali anakaa, au anasimama kituo cha kwanza ambako hatupi kwa nguvu. Yule mlinzi wa kituo cha tatu uliyesema ana mkono mzuri, mwanzishe kesho, hata kama anarusha pembeni pembeni. Siku zilizobaki mfundishe kupata shabaha. Hatakuwa na kasi, lakini Radbourn mwenyewe hakuitegemea kasi.

Na kwa wakubwa wa shule, waambie waziwazi, tena mbele ya mzazi wa mtoto. Radbourn alikuwa mtu mzima, aliketi mezani akapatana. Huyu ana miaka 15, anakuita mwalimu, atasema ndiyo kwa lolote utakalomwambia. Usimuulize kama anaumwa, atakuambia haumwi. Asubuhi baada ya mechi mwambie akuonyeshe anavyochana nywele, halafu mtazame uso.

Kuna kifaa kidogo cha kuhesabia, unabonyeza kwa dole gumba, nimeshakununulia. Mpwa wangu anakuja Dar mwezi wa 12, atakuletea pamoja na glavu mbili za mdakaji nilizopata za mtumba, ngozi bado nzuri. Mpaka hapo, zile kete za bao za marehemu baba yako bado mnazo? Hesabu 95, zisipotosha jazia kokoto, zitie mfuko wa kulia wa koti. Kila mrusho, moja inahamia kushoto. Mfuko wa kulia ukiwa mtupu, mwite atoke, hata kama wamebakiza mpigaji mmoja.

Niandikie matokeo ya Ijumaa.

Mwenzio wa dawati la nyuma