Barua ya wazi kwa mnaotaka kuacha kazi mkasomee unesi

Wanangu,

Nimestaafu unesi na ukunga, nikadhani sasa nitalima bustani yangu kwa amani. Lakini simu hazikomi. Anapiga mwalimu wa shule ya msingi, anapiga karani wa benki, anapiga dada mwenye duka la vipodozi Kariakoo, anapiga kijana aliyechoka kuuza bima. Swali ni lilelile: "Mama, nataka kuacha kazi nikasomee unesi, unanishaurije?" Nikiuliza umeupendea nini, naambiwa habari za Uingereza na Marekani, naambiwa mshahara wa binamu aliyeko huko, naambiwa ajira ya serikali haina presha. Mgonjwa hatajwi. Naweza kuongea na mtu nusu saa nzima juu ya unesi na neno mgonjwa lisimtoke mdomoni.

Hilo lilikuwa linanikera kimyakimya. Kilichonifanya niandike ni nilichokiona juzijuzi, nikiwa namuuguza kaka yangu aliyepigwa kiharusi, katika hospitali ambayo siitaji jina. Wodini walikuwepo wanafunzi wa mazoezi, na mmoja wao alikuwa mtu mzima, kapita thelathini, sare imenyooka, kalamu tatu mfukoni. Jirani ya kitanda chetu alilala mzee mmoja asiyeweza kugeuka mwenyewe. Alfajiri akajisaidia kitandani. Nesi wa zamu alikuwa mmoja tu na wodi imejaa, kwa hiyo akamwambia yule mwanafunzi, msafishe babu, badilisha shuka, mgeuze ubavu. Kijana akasimama miguuni pa kitanda, kitambaa puani, akasema, "Mimi nilijua hizi kazi wanafanya wahudumu." Akatoka nje. Mzee yule alikuwa anasikia kila neno. Alifumba macho akageuzia uso ukutani, na hapo ndipo mimi na mke wa kaka yangu tuliponyanyuka tukatafuta maji.

Baadaye nilimkuta kijana kwenye ngazi, analia. Sikumgombeza. Aliniambia ameacha kazi ya benki, ameuza kiwanja kulipa ada, na mkewe hajui kwamba anataka kuacha chuo. Nikamuuliza, kabla hujauza kiwanja ulishawahi kumuogesha mgonjwa? Hajawahi. Mama yake alipougua, waliouguza ni dada zake. Yeye alikuwa analeta hela ya dawa na matunda, anasimama kando ya kitanda dakika kumi, anaondoka.

Hasira yangu kubwa haikuwa kwake. Ilikuwa kwa wote waliomshauri: rafiki aliyemtumia picha ya gari lake huko ughaibuni, wakala aliyempa karatasi yenye mishahara ya dola, hata shemeji zake waliomwambia nenda, wewe una akili. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kazi yenyewe ikoje.

Basi nawaambia mimi. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, muuguze mtu. Usimtembelee, muuguze. Katika kila ukoo wa Kitanzania yupo mgonjwa: bibi aliyepooza, mjomba mwenye saratani, jirani anayetoka kliniki ya kusafisha figo amechoka kama nguo iliyokamuliwa. Waambie wanaomuuguza wapumzike, wewe ushike zamu ya usiku. Shika kwa wiki kadhaa, maana usiku wa kwanza kila mtu ana huruma. Mlishe kwa kijiko naye anatema. Mpeleke chooni, naye kabla hamjafika kitu kimeshatokea. Msafishe, mpake mafuta, mfunike, halafu baada ya saa moja urudie upya. Akutukane, maana wagonjwa wanatukana, maumivu yanatukana, na asubuhi ndugu waje wakuulize kwa nini midomo yake imekauka.

Na ujifunze kumgeuza. Mgonjwa asiyejiweza anageuzwa kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Ukimgeuza unaangalia pale mifupa inapobana ngozi dhidi ya godoro: mfupa wa mkiani, nyonga, visigino, mabega, kisogo. Ukiona pamekuwa pekundu, au kwa ngozi zetu nyeusi pamekolea na pana joto kuliko jirani yake, bonyeza kwa kidole. Rangi isipobadilika, kidonda kimeshaanza chini kwa chini, na wewe ndiye wa mwisho mwenye nafasi ya kukizuia. Nimeona vidonda vya kulala vinavyoingia ngumi, na vyote vilianza na doa ambalo mtu alilipita haraka kwa sababu zamu ilikuwa inaisha. Hiyo ndiyo kazi mnayoitaka. Sindano na dripu mtafundishwa, zina mtihani na zina vitabu. Kuinama juu ya mtu anayenuka, ukamwita kwa jina lake, ukamwangalia kisigino, huko chuo kinakukuta nako au kinakukuta huna.

Msije mkasema mama huyu anawafukuza watu wazima. Nesi mmoja kati ya bora niliowahi kuwasimamia alitoka kwenye ushonaji. Alikuwa fundi cherehani, ana watoto wawili, akaja kukaa darasani na mabinti waliotoka kidato cha nne juzi. Dawa zilimtesa, hesabu za dozi zilimliza. Lakini alipotandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, shuka lilikuwa halina mkunjo hata mmoja. Alikuwa anapitisha kiganja kutoka begani hadi miguuni, anavuta pembe, anapitisha tena, kwa sababu vidole vyake vilijua mkunjo unavyochubua. Wagonjwa walikuwa wanauliza, yule dada ana zamu lini? Aliuguza mama mkwe wake miaka mingi kabla hajafikiria chuo. Alipokuja hakuwa anabahatisha.

Sasa hesabu, nazo nitazisema haraka kwa sababu zinapatikana.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3. Shahada ni miaka 4, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Baada ya hapo kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila leseni huruhusiwi kumgusa mgonjwa kwa jina la nesi. Ni sheria, ya mwaka 2010. Kuingia stashahada wanataka ufaulu wa kidato cha nne ukiwa na Baiolojia, Kemia na Fizikia. Wewe uliyesoma sanaa, ukafika hadi shahada ya biashara, shahada hiyo haikufuti Kemia. Utarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukae na watoto wa watu kwenye chumba cha mtihani, na hilo ni mwaka mwingine. Chuo chochote kinachokwambia masomo ya sayansi "tutayaangalia ukishalipa," kikimbie. Fungua orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya aina hii; kama chuo hakimo usilipe hata ada ya fomu. Kuna watu wazima wenye akili timamu wamesoma hadi mwisho, wakafika mlangoni kwa Baraza na vyeti visivyotambulika.

Halafu umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45. Kustaafu kwa lazima ni 60, na pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Pigeni hesabu wenyewe. Mwenye miaka 32 ana nafasi ya kutosha. Mwenye 40 anayetakiwa kurisiti kwanza, asome miaka 3, halafu asubiri ajira, anakimbizana na mlango unaofungwa. Bado anaweza kufanya kazi hospitali binafsi au za mashirika ya dini, lakini ajue hivyo tangu mwanzo, asije akaacha ajira ya kudumu akiota ajira ya kudumu.

Maana hapa kuna jambo linaloniuma. Wodi zetu zina nesi mmoja usiku, na mtaani wapo manesi wenye leseni wanauza vitenge kwenye simu. Wengine wanajitolea miezi na miezi kwa nauli tu, wakifanya kazi ileile ya aliyeajiriwa. Tunawaambia vijana taifa linawahitaji, halafu tunawaacha wangoje mpaka mikono isahau. Viongozi wangu, nanyi mnasoma: mzee yule aliyegeuzia uso ukutani hakuumizwa na mwanafunzi peke yake. Kama zamu ile ingekuwa na manesi watatu, asingengojea huruma ya wauguzaji wa kitanda cha jirani.

Kuhusu ng'ambo. Sina ugomvi na anayekwenda, riziki popote. Ila msiambiwe kwamba cheti cha hapa ni tiketi. Marekani kuna mtihani wao wa leseni, NCLEX. Uingereza kuna mtihani wa kompyuta, kuna mtihani wa vitendo, na kabla ya yote kuna Kiingereza chao. Mwaka 2021 wenzetu Kenya walitiliana saini na Uingereza makubaliano ya kupeleka wauguzi, na mwaka huohuo waziri wao wa afya, Mutahi Kagwe, akaeleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Hao ni Wakenya, waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Na sisi tumo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, iliyotolewa mwaka 2023. Nchi zinaombwa zisije kuvuna wafanyakazi huku. Mtu binafsi hakatazwi kuomba, lakini wakala anayekuja na mabango hapa anajua anachokifanya. Na ukifika huko, kazi ni ileile. Wazee wa Kizungu nao wanageuzwa kila saa 2.

Mengine: mgongo utauma, jifunzeni kuinua mtu kwa miguu na kwa watu wawili. Zamu za usiku zitakuharibia usingizi, na Idi au Krismasi utaila wodini. Ukijichoma sindano usione aibu, toa taarifa saa ileile, maana dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Usichukue hela ya mgonjwa. Hata elfu mbili ya soda, usichukue.

Wanaume, nimewasikia mnavyodhihakiwa. "Umekosa udaktari?" Huo ni ujinga wa jamii yetu, unaodhani kumuosha mtu ni kazi ya kike na kumpasua ni kazi ya kiume. Wodi ya wanaume ina wazee wanaoona haya kuvuliwa na binti wa umri wa mjukuu wao, na wanawangojea ninyi. Na wazazi, acheni kumpeleka unesi mtoto aliyeshindwa kila kitu. Mnatuletea watu waliokata tamaa, halafu mkija na mgonjwa wenu mnalalamika kwamba manesi wana kauli mbaya. Kauli mbaya zipo, nazichukia, nimezikemea maisha yangu yote ya kazi, hasa leba, ambako mama anapiga kelele kwa uchungu na mtu mzima mwenye sare anamfokea. Anayejua ulimi wake unawaka akichoka, asije leba. Abaki dukani, afanye biashara ya halali, atalisha watu wake vizuri tu.

Lakini wapo wengine kati yenu, nawajua kwa sauti zao kwenye simu. Hamkutaja mshahara. Mmoja aliniambia alimshika mkono baba yake usiku wa mwisho, na tangu hapo amekinai kazi ya ofisi, hajui amfuate nani. Mwanangu, wewe njoo. Usiache kazi kesho, tafuta kwanza cheti chako cha kidato cha nne, angalia Kemia. Kama ipo, omba ruhusa ya likizo yako ya mwaka, nenda kwa matroni wa hospitali ya wilaya yako, umwombe ukae wodini kwa kusaidia, hata kubeba maji. Weka akiba ya ada ya mwaka mzima wa kwanza kabla ya kuaga. Mwambie mwenzako wa nyumbani ukweli wote, pamoja na usiku ambao hutakuwepo. Na dozi zote 3 za chanjo ya homa ya ini B zipate kabla hujavaa glovu kwa mara ya kwanza, usisubiri chuo kikukumbushe.

Mama yenu,
Nesi na mkunga mstaafu