Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Urusi: pengo hili halikuachwa na wanawake

Mheshimiwa Mikhail Murashko,
Waziri wa Afya wa Shirikisho la Urusi

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nataka barua hii isomwe pia na wenzangu, watu wa Afrika Mashariki waliosomeshwa na nchi yako tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipofunguliwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Mimi ni mmoja wao. Udaktari niliojifunza huko nimewatibia watu wa nyumbani maisha yangu yote ya kazi, na sikulipa hata senti. Kwa fadhila hiyo nakudai nawe unisikilize.

Julai 2023 ulisimama mbele ya wabunge wa Duma kuzungumzia upungufu wa watoto wanaozaliwa Urusi, ukalaumu tabia ya wanawake kutanguliza masomo, kazi na kujijenga kiuchumi, ndipo wafikirie kuzaa. Mwezi uliofuata Mordovia ikapitisha sheria ya kuwaadhibu wanaodaiwa kuwashawishi wanawake kutoa mimba, na mikoa mingine ikafuata nyayo. Novemba kliniki binafsi za Crimea zikaacha kutoa huduma hiyo. Septemba 2024 vidonge vya kutoa mimba vikawekwa chini ya udhibiti mkali, na kabla mwaka haujaisha ikaja sheria ya kupiga marufuku kile kinachoitwa propaganda ya kutozaa.

Mheshimiwa, wewe ni daktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake. Hesabu hii unaijua vizuri kuliko mimi. Mwaka 1987 Urusi ilipata watoto milioni 2.5. Mwaka 1999 ilipata milioni 1.2 tu. Mwaka 2024 imepata milioni 1.22, wachache kuliko mwaka wowote tangu huo 1999. Wanawake walio katika umri wa kuzaa leo ni wale waliozaliwa miaka ya tisini, na wako wachache kwa sababu wazazi wao walikuwa katika miaka ile ya njaa na hofu. Msichana ambaye hakuzaliwa 1996 hawezi kuwa mama leo, hata serikali ihubiri vipi. Na huyu aliyezaliwa anabebeshwa lawama ya mambo yaliyotokea akiwa bado ananyonya.

Mambo hayo niliyaona kwa macho. Tarehe 2 Januari 1992 bei ziliachiliwa huru, na akiba za watu zikayeyuka ndani ya wiki chache. Mwisho wa mwezi ikatoka amri ya kuruhusu kila mtu auze chochote barabarani. Kwenye milango ya vituo vya metro wakasimama wanawake, bega kwa bega kwenye theluji, kila mmoja ameshika kitu chake kimoja mkononi: buti za mtoto, mtungi wa matango ya siki, bilauri mbili za kioo zilizotoka kwenye kabati la nyumbani. Mmoja wao alikuwa mama aliyekaa zamu mlangoni mwa bweni letu, tuliyezoea kumwita shangazi. Mumewe alikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye kiwanda ambacho kilikuwa kimeacha kulipa mishahara. Kila asubuhi mzee yule alivaa nguo za kazi akaenda kiwandani, akarudi mikono mitupu. Hakuwahi kwenda naye kusimama pale metro, maana aliona ni fedheha kwa mwanaume. Siku moja aliporudi alikaa kwenye kiti cha jikoni na hakuinuka tena. Moyo ulisimama. Alikuwa hajafikisha miaka 50, na shangazi aliniambia kwamba tangu atoke jeshini hakuwahi kupimwa presha.

Sisi wanafunzi wa udaktari tuliwaona wanaume wa aina hiyo wodini kila siku. Kwenye vibanda vya barabarani ilikuwa inauzwa pombe tupu kutoka nje, chupa za lita moja zilizoandikwa Royal, na Juni 1992 Rais Boris Yeltsin akafuta ukiritimba wa serikali juu ya vodka. Ilipofika 1994, umri wa kuishi wa mwanaume wa Kirusi ulikuwa chini ya miaka 58. Mwanamke aliishi karibu miaka 71. Miaka 13 kati ya mke na mume, katika nchi isiyokuwa vitani kwa sehemu yake kubwa! Watafiti waliochunguza vifo katika miji mitatu ya Siberia, yaani Barnaul, Biysk na Tomsk, walichapisha matokeo yao mwaka 2009: kwa walio kati ya miaka 15 na 54, zaidi ya nusu ya vifo vya miaka ya tisini vilitokana na pombe. Wengi walikuwa wanaume.

Mara nyingi nimesikia ikisemwa, huko kwenu na huku kwetu, kwamba wamejiua wenyewe kwa ulevi. Siyakubali maneno hayo. Mikhail Gorbachev alipobana pombe mwaka 1985, umri wa kuishi wa wanaume ulipanda kwa takriban miaka mitatu kufikia 1987, halafu kampeni ikalegezwa na makaburi yakaanza kujaa. Bei ya chini ya vodka ilipowekwa mwaka 2010 na mauzo ya usiku yakazuiwa, vifo viliendelea kushuka. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba unywaji Urusi ulipungua kwa asilimia 43 kati ya 2003 na 2016. Kufika 2019 wanaume waliishi wastani wa miaka 68. Kama ni hulka yao, mbona sheria ikibadilika nao wanabadilika?

Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliosomea kwenu tulilitambua mapema. Kila mtaa ulikuwa na kliniki ya wanawake. Mwanamke alipimwa akiwa na mimba, akapimwa baada ya kujifungua, akajulikana kwa jina na daktari wake. Mwanaume alikuwa na zahanati ya kiwandani. Kiwanda kilipokufa, zahanati nayo ikafa, na mlango wake haukufunguliwa mahali pengine. Baada ya hapo alionana na daktari siku ya kubebwa na gari la wagonjwa. Wizara yako ingeweza kuanzia hapo: kwenye karakana, kwenye madereva wa malori, kwenye miji ya migodi.

Badala yake mnarudi kwenye njia ambayo imeshajaribiwa. Stalin alipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1936 na marufuku ikafutwa 1955. Nicolae Ceaușescu, mtawala wa Romania, aliiga Oktoba 1966 kwa Amri namba 770. Mwaka 1967 watoto wa Romania waliongezeka karibu maradufu, kisha idadi ikaporomoka tena, lakini vifo vya akina mama havikuporomoka. Maelfu walikufa kwa kutoa mimba kwa siri mpaka amri ilipofutwa Desemba 1989, na mwaka mmoja tu baadaye vifo vya wajawazito vilipungua karibu kwa nusu. Sioni kwa nini yatokee tofauti Urusi, hasa kwa mwanamke anayeambiwa azae katika nyumba ambamo, tangu Februari 2017, kupigwa mara ya kwanza bila jeraha kubwa si kosa la jinai.

Tangu 24 Februari 2022 vita vya Ukraine vinateketeza wanaume wa nchi zote mbili, na serikali yako imeacha kutangaza idadi ya wanajeshi wake waliokufa. Pengo hilo limetufikia hata sisi. Oktoba 2024 Associated Press waliripoti kuhusu mabinti wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya na kwingineko walioitwa kwa ahadi ya kazi na mafunzo, wakajikuta Alabuga, Tatarstan, wakiunda droni za kivita, baadhi yao wakilalamika kwamba kemikali zinawachoma ngozi. Afya yao nayo iko chini ya wizara yako.

Na kama bado mnapokea ushauri kutoka kwa wanafunzi wenu wa zamani: Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa methadoni, dawa ya kuwasaidia watumiaji wa heroini waachane nayo na sindano zake, tangu 2011. Kwenu bado ni marufuku, na virusi vya UKIMWI vinatoka kwenye sindano ya mume kwenda kwa mke.

Mwaka 2025 idara yenu ya takwimu iliacha kuchapisha vizazi na vifo vya kila mwezi. Naomba uzirudishe hadharani, kwa jinsia, kwa umri na kwa sababu ya kifo, mkoa kwa mkoa, pamoja na wanaofia vitani. Uzipeleke Duma wewe mwenyewe, na siku hiyo uzungumzie wanaume.

Wako kwa heshima,
Daktari mstaafu,
Tanga, Tanzania