Barua kwa Mwanangu Anayeanza Mwaka wa Dripu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Umeniuliza kwa nini utiwe dripu mwaka mzima ilhali uvimbe wa wayoni umekwisha kuondolewa, pamoja na mtoki uliokutwa na saratani. Melanoma, yaani hiyo saratani yako ya ngozi, ikishafika kwenye mitoki huweza kuacha chembe ndogo mno zisizoonekana hata kwa picha za hospitali, na hizo ndizo zinazofuatwa na tiba hii ya kuamsha kinga ya mwili. Saratani huitumia protini iitwayo PD-1, iliyo juu ya askari wa damu yetu, kuwatuliza wasiishambulie. Pembrolizumabu, dawa iliyo katika dripu yako, huifunika protini hiyo, nao wakarejea kazini. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,019 waliokwisha kupasuliwa kama wewe: baada ya mwaka 1, takriban 75 katika kila 100 waliopata dawa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na 61 kwa wale waliotiwa dripu isiyo na dawa. Ni kweli kwamba melanoma ya wayoni, ambayo kati ya aina za melanoma ndiyo itupatayo zaidi sisi watu weusi, mara nyingi huitikia tiba hii kwa uchache kuliko ile itokanayo na jua. Hata hivyo naona ni heri uianze.

Linalonikosesha usingizi ni tabia yako ya kustahimili maumivu kimya kimya. Askari walioachiwa huweza kuushambulia mwili wenyewe: utumbo, mapafu, ini, ngozi, tezi ya shingoni. Ukiharisha mara nyingi kuliko kawaida yako, usijitibu kwa dawa ya dukani wala usisingizie chakula. Mpigie daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa utumbo uliovimba ukiwahiwa hutulizwa kwa vidonge vya predinisoloni, na ukicheleweshwa huweza kutoboka. Fanya vivyo hivyo kwa kikohozi kipya, pumzi fupi, macho ya manjano, au uchovu unaoambatana na kuhisi baridi, ambao huenda ukawa ni tezi ya shingoni iliyolegea na itakayohitaji kidonge cha kila siku maishani. Habasoda atakayokuletea shangazi yako ipokee kwa adabu, lakini usiinywe kabla ya kumuuliza daktari.

Nalisema na hili kwa kuwa mimi ni mamako: usishike mimba wakati wa tiba wala katika miezi 4 baada ya dozi ya mwisho. Madhara ya dawa hii huweza kuzuka hata miezi kadhaa baada ya dripu kwisha, kwa hiyo ukija Lamu chukua karatasi yenye jina la dawa na simu ya daktari wako, na ukiugua uioneshe Hospitali ya King Fahad kabla hujapewa dawa yoyote, usingoje mpaka uvuke Mokowe kurudi Mombasa. Nitumie nakala ya karatasi hiyo wiki hii.

Mamako,
Langoni, Lamu