Rubeli ya mfalme asiyetawala

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu sana. Mimi sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali.

Picha uliyonitumia ni ya rubeli ya Konstantin, ya Urusi, 1825. Unashangaa kwamba haijachakaa? Haikuonja soko hata siku moja. Ni sarafu ya majaribio.

Mfalme Aleksandr I wa Urusi alifia Taganrog, 19 Novemba kwa kalenda yao ya zamani, bila mtoto wa kiume. Zamu ilikuwa ya mdogo wake Konstantin, aliyekuwa Warsaw, na watu wakamwapia utii. Hata Nikolai, mdogo wao anayemfuata Konstantin, akaapa. Kumbe Konstantin alishajivua urithi kwa barua tangu 1822, na hati yake imefungiwa kanisani Moscow, wanaojua ni wachache.

Kiwanda cha sarafu cha St. Petersburg hakikungoja. Waziri wa fedha, Kankrin, akaagiza rubeli yenye sura ya mfalme mpya. Hapo mimi hucheka: rubeli za Aleksandr zilizokuwa mikononi mwa watu hazikuwa na uso wake, ila huyu aliyekikataa kiti ndiye anachongwa! Ikuze picha uone: pua fupi iliyobinuka, nywele zimekimbia paji la uso. Fundi Reichel hakumpamba hata kidogo. Naipenda sarafu hii kwa hilo, kuliko bei yake.

Tarehe 14 Desemba watu walipotakiwa wamwapie Nikolai, askari waligoma kwenye Uwanja wa Seneti wakimtaka Konstantin. Jioni mizinga ikawatawanya. Hebu fikiria wale mafundi kiwandani, wana fedha iliyoandikwa "Konstantin I" na mfalme ni mwingine! Kila kitu, sarafu na mihuri ya kupigia, kikaingia sandukuni na kupelekwa wizarani kimyakimya. Zilikuja kutolewa mwaka 1879, mfalme wa wakati huo, Aleksandr II, alipozigawa. Zenye maandishi ukingoni, yaani kwenye unene wa pembeni, zinajulikana tano tu. Moja iko makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg, nyingine ilivuka hadi makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Zipo pia chache zenye ukingo mtupu, na juu ya hizo wakusanyaji wamebishana mpaka wamechoka.

Sasa, huyo jamaa anayekwambia anayo ya kuuza: za kughushi zilianza kupigwa karne ile ile ya 19, tena kwa ustadi. Usitoe hata senti. Mwombe picha ya ukingo, mzunguko mzima, unitumie.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi nduguyo,
Juma