Rosa hakuandikwa kwa ajili ya mtihani

Wajukuu zangu wa kikundi cha kusoma hapa Moshi,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Jumamosi mliponialika nilikaa kimya mkadhani nimechoka. Wala. Nilikuwa nawasikiliza. Mlikuwa na riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, na hata hatujakaa vizuri mmoja akauliza, "Dhamira kuu ni ipi?" Mwenzake akajibu malezi mabaya, wa tatu akaongeza ukoloni mamboleo (sijui kauokota ukurasa gani), mkahamia kwenye mpira.

Mtihani wa kidato cha nne huuliza hivyo, na kwenye mtihani jibuni hivyo hivyo. Lakini sasa hakuna anayewasahihisha. Kitabu hiki kilitoka 1971, kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na nashuku waliokizuia walikisoma kama ninyi: walitafuta funzo, wakaona uasherati, wakafunga.

Zakaria anapomwadhibu binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mapenzi ya Charles, mlisema "baba mkali", mkapita. Rudini pale. Mtazameni Regina, mama mtu, mwenye mume mlevi na mabinti wengine wanaokua wakiona yote hayo. Angefanya nini? Angekimbilia kwa nani? Hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja. Na mwishoni mwandishi anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu washtakiane! Kesi imefika juu kiasi hicho, na bado mimi nilifunga kitabu nikiwa sijui lawama yote nimtwike nani. Ninyi hukumu mlikuwa nayo mapema.

Sasa niwaambie ninachosoma mimi. Riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994; mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, mfasiri Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12. Mfanyabiashara Aziz kila akija kwao humwachia sarafu ya anna kumi (fedha ya zamani), na mtoto huingoja. Haelewi kwamba baba yake ana deni, wala kwamba siku atakayopandishwa treni na mgeni huyo, yeye ndiye rehani. Gurnah hasemi popote kwamba jambo hili ni baya. Anakuacha na mtoto anayengoja sarafu, nawe unajua asichokijua. Mngeniuliza dhamira hapo, ningewafukuza.

Halafu kuna lililo karibu na sisi: Yusuf anaachwa dukani kwa Hamid, mji mdogo chini ya mlima wenye theluji. Mtabishana wenyewe kama ni huu wetu. Hapo yumo Kalasinga, fundi, anayetaka kutafsiri Kurani kwa Kiswahili ili Hamid na wenzake wasikie wenyewe Mungu wanayemwabudu anasema nini. Nilicheka peke yangu mpaka bibi yenu akauliza kulikoni. Vichekesho vya namna hiyo huwezi kuviweka kwenye jibu la alama kumi, ndiyo maana mnavipita.

Basi mkikutana tena, kila mmoja aje na ukurasa mmoja uliomshika, ausome kwa sauti, aseme kwa nini. Vile vijitabu vya uchambuzi viacheni nyumbani. Na kupiga picha kitabu kizima na kukirusha WhatsApp, mwandishi anakula nini? Changeni, au nendeni maktaba ya mkoa.

Nimesikia kinachofuata ni Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya 1979. Najua mtakimbilia mgomo wa 1948 pale bandarini Unguja, maana unafaa kwa hotuba. Kaeni kwanza na Rashidi na mama yake, Bi Mashavu. Nakala yangu imechanika kurasa za mwanzo, kwa hiyo mwenye nzima aje nayo. Zile sura za utotoni nataka zisomwe zote.

Babu yenu,
Kiboroloni